Kufuatilia Nasaba ya Walowezi wa Kiholanzi wa Rasi: Mwongozo Kamili, kutoka Eldoret hadi Madaftari ya Mishahara ya VOC

Tarehe 6 Aprili 1652 Jan van Riebeeck alitia nanga Table Bay, kwenye Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, akiwa ametumwa na Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, iliyojulikana kwa herufi zake VOC. Kampuni ilitaka mboga na nyama za kulisha mabaharia wa meli zake zilizokuwa zikienda Asia. Haikuwa na nia ya kujenga nchi. Lakini mwaka 1657 iliwaruhusu watumishi wake wachache waache kazi na kuwa wakulima huru kando ya mto Liesbeek, na huko ndiko ilikoanzia jamii ya walowezi iliyozaa koo zinazoitwa leo van der Merwe, Cloete, Botha, Kruger, Viljoen na nyingine mamia. Kutoka katika koo hizo walitoka pia Makaburu waliokuja kulima Uasin Gishu na chini ya Mlima Meru.

Ukiamua kufuatilia ukoo mmoja wa aina hiyo, utakuta karatasi tele. Watu hawa waliandikwa na karani wa mishahara, karani wa kodi, mchungaji wa kanisa, na maofisa wa mirathi. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeandika ili vitukuu na vilembwe wajue asili yao. Karani alitaka kujua nani anadaiwa, mchungaji alitaka kujua nani amebatizwa, ofisa wa mirathi alitaka kujua nani agawiwe. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza hati inasema nini, uliza iliandikwa kwa ajili ya nini. Swali hilo litakuonyesha ilichosema kwa uhakika na ilichokosea kwa kutojali, na mara nyingi litakuonyesha pia watu ambao mtafuta nasaba wa haraka huwaruka: akina mama, na watumwa.

Anza na walio hai, rudi nyuma hatua kwa hatua

Usianze mwaka 1652 ukishuka. Watu wengi huokota babu maarufu mtandaoni, kisha hujilazimisha kumuunganisha na bibi yao. Anza na wewe, au na mtu wa mwisho unayemjua kwa hakika, kisha thibitisha mzazi mmoja mmoja.

Zungumza na wazee. Waulize majina ya mashamba, si ya watu peke yake, kwa sababu mashamba ya Makaburu yalikuwa na majina, na hati nyingi hutaja jina la shamba kabla ya wilaya. Uliza walisali kanisa gani, na nani amezikwa wapi. Ulizia Biblia ya familia: walowezi hawa waliandika kuzaliwa, ndoa na vifo kwenye kurasa za mwanzo za Biblia kubwa ya Kiholanzi, na Biblia hiyo kwa kawaida ilibaki kwa mtoto mmoja. Ukiiona, piga picha kila ukurasa wenye mwandiko pamoja na ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa. Kama Biblia ilichapishwa baada ya kuzaliwa kwa watoto wa kwanza, tarehe zao ziliandikwa kwa kukumbuka.

Kila mtu mfungulie karatasi yake: majina yake kwa kila tahajia uliyokutana nayo, tarehe, mahali, na chanzo cha kila taarifa. Taarifa isiyo na chanzo iandike kwa penseli.

Kuna desturi moja itakayokusaidia tangu siku ya kwanza. Katika koo hizi mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe. Binti wa kwanza alipewa jina la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba, wa tatu la mama. Msomaji anayejua majina ya Wakikuyu ataizoea upesi, ila aangalie upande wa mabinti, maana kwa Wakikuyu bibi mzaa baba ndiye hutangulia. Desturi hii si ushahidi, ni dokezo tu. Ukiwa na watoto sita wa nyumba moja waliopangwa kwa umri, unaweza kukisia majina ya babu na bibi wote wanne na kujua uwatafute wapi. Ubaya wake ni kwamba binamu saba wa rika moja wanaweza wote kuitwa Schalk Willem van der Merwe. Watofautishe kwa jina la mke, kwa shamba, na kwa wasimamizi wa ubatizo wa watoto wao, kamwe si kwa jina peke yake.

Kama ukoo ulipita Afrika Mashariki

Baada ya vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902, familia kadhaa zilikataa kukaa chini ya bendera ya Uingereza au zilikuwa zimefilisika. Baadhi zilifika Afrika Mashariki ya Wajerumani kuanzia miaka ya 1904 na 1905 na kupewa ardhi karibu na Arusha. Kundi kubwa zaidi, familia 47 chini ya Jansen van Rensburg, lilipanda meli Windhuk na kushuka Mombasa Julai 1908, likaenda kwa treni hadi Nakuru, kisha kwa magari ya maksai hadi nyanda za Uasin Gishu. Mji uliokua katikati yao ulijulikana kwanza kwa namba ya shamba, 64, na wenyeji wakauita Sisibo. Mwaka 1912 ukapewa jina Eldoret. Wengi wao waliondoka Kenya karibu na uhuru wa 1963.

Kwa ukoo wa Eldoret, tafuta kwanza gazeti rasmi la serikali ya kikoloni, ambalo hatimaye likawa Kenya Gazette. Matoleo mengi ya zamani yanasomeka mtandaoni, na ndani yake mna matangazo ya mirathi, ugawaji wa mashamba, leseni, na orodha za wapiga kura. Tangazo la mirathi lilitolewa ili wadai wajitokeze, kwa hiyo jina kamili la marehemu na tarehe ya kifo huwa sahihi, lakini usitegemee kukuta majina ya wazazi. Kisha nenda Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue, Nairobi, uombe majalada ya wilaya na ya ardhi ya Uasin Gishu. Walowezi hawa walikuwa na usharika wao, Vergenoeg, ulioanzishwa Eldoret mwaka 1909. Kumbukumbu za ubatizo za usharika huo ziulizie kwenye ofisi ya nyaraka ya Kanisa la Reformed la Kiholanzi, yaani NG Kerk, iliyoko Stellenbosch.

Kwa ukoo wa Arusha, majalada ya enzi ya Wajerumani yako katika Nyaraka za Taifa za Tanzania, Dar es Salaam. Ni mkusanyo wa thamani kubwa, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Nakala za upande wa Berlin ziko Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, katika fungu la R 1001 la wizara ya makoloni. Humo karani Mjerumani aliandika kwa sababu ya ardhi na uhamiaji: mtu huyu ana mtaji gani, ng'ombe wangapi, ametoka wilaya gani ya Transvaal. Hiyo wilaya ndiyo unayoitaka, kwa sababu ndiyo itakayokurudisha kusini.

Taarifa ya kifo: hati moja yenye vizazi vitatu

Ukishafika Afrika Kusini, hati ya kwanza kuitafuta ni taarifa ya kifo inayopelekwa kwa msimamizi mkuu wa mirathi. Usiichanganye na cheti cha kifo cha hospitali au cha serikali. Katika koloni la Rasi fomu hii ilianza mwaka 1834, na ilijazwa ili mali igawiwe kisheria. Ndiyo maana inauliza kila kitu ambacho mtafuta nasaba anataka: jina, mahali alikozaliwa, majina ya baba na mama, umri, mwenzi wa ndoa aliye hai au aliyetangulia, watoto wote, na kama kuna wosia.

Isome kwa kujua nani aliijaza. Majina ya watoto huwa sahihi sana, kwa kuwa kumsahau mrithi kungeleta kesi. Majina ya wazazi wa marehemu ndipo pa kuwa macho: mzee wa miaka 80 alikufa, taarifa ikajazwa na mkwe ambaye hakuwahi kuwaona. Umri pia hukisiwa.

Katalogi ya nyaraka za taifa za Afrika Kusini inatafutika mtandaoni bila malipo na inajulikana kwa jina NAAIRS. Imegawanywa kwa hifadhi: KAB ni Cape Town, TAB ni Transvaal ya zamani iliyoko Pretoria, VAB ni Free State iliyoko Bloemfontein, NAB ni Natal iliyoko Pietermaritzburg. Majalada ya mirathi ya Rasi yako chini ya herufi MOOC, na ya Transvaal chini ya MHG. Katalogi inakupa namba ya jalada tu, hati yenyewe haimo. Lakini sehemu kubwa ya taarifa hizi za kifo zimepigwa picha na tovuti ya nasaba ya FamilySearch, na akaunti yake ni bure. Mwanamke mtafute kwa majina yote mawili, la kuzaliwa na la ndoa, maana katika orodha ya mirathi jina la kuzaliwa hufuata neno "nee" au "gebore".

Kama mstari unakatika kati ya 1899 na 1902, angalia orodha za kambi ambazo Waingereza waliwafungia wanawake na watoto wa Makaburu. Watu wapatao 28,000 walifia humo, wengi mno wakiwa watoto, na Waafrika zaidi ya 20,000 walifia kwenye kambi zao zilizotengwa. Daftari za kambi za Makaburu zimewekwa mtandaoni na zinataja shamba walikotolewa.

Daftari za ubatizo, kutoka Graaff-Reinet hadi Cape Town

Kabla ya serikali kuandikisha vizazi, kazi hiyo ilifanywa na kanisa. Natal ilianza uandikishaji mwaka 1868 na Rasi mwaka 1895; majimbo ya Transvaal na Free State yalifuata mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo kwa karibu karne mbili na nusu unategemea mchungaji. Daftari za Cape Town zinaanzia mwaka 1665. Stellenbosch ilipata kanisa lake 1686, Drakenstein, yaani Paarl, 1691, Roodezand, ambayo leo ni Tulbagh, 1743, na Zwartland, leo Malmesbury, 1745. Graaff-Reinet ilifuata mwaka 1792. Jua miaka hii vizuri. Mtoto aliyezaliwa shamba la mbali mashariki mwaka 1730 hawezi kuwa katika daftari la Graaff-Reinet. Mtafute Drakenstein au Cape Town.

Safari ya gari la maksai kwenda kanisani ilichukua majuma. Familia za mpakani zilisubiri, na unaweza kukuta ndugu watatu wamebatizwa siku moja. Tarehe ya ubatizo basi si tarehe ya kuzaliwa, na ukiona mtu mtandaoni ameziandika kama kitu kimoja, jua hakufungua daftari.

Mstari wa ubatizo una jina la mtoto, baba, mama kwa jina lake la kuzaliwa, na wasimamizi. Hapo kwenye wasimamizi ndipo pa kutulia. Mara nyingi walikuwa babu, bibi, shangazi au mjomba, na mara nyingi mtoto alipewa jina la mmoja wao. Mahali ambapo jina la baba halipo, msimamizi anaweza kuwa ndiye fununu pekee uliyobakiwa nayo.

Mwandiko utakusumbua mwanzoni. Zoea vifupisho hivi: j.m. ni mwanamume ambaye hajawahi kuoa, j.d. ni msichana ambaye hajaolewa, wed. ni mjane. Miezi ina mtego wake: 7ber ni Septemba, 8ber ni Oktoba, 9ber ni Novemba na Xber ni Desemba, kwa hesabu ya Kirumi ya zamani, kwa hiyo usiandike Julai unapoona 7. Herufi ij na y zilibadilishana, vivyo hivyo c na k, v na f, g na ch. Sz mwishoni mwa jina ni mwana wa, na dr ni binti wa.

Hilo la mwisho limewapoteza wengi. Chukua mwanzilishi wa ukoo wa van der Merwe, ulio mkubwa kuliko karibu zote, aliyefika Rasi mwaka 1661 kutoka Broek karibu na Oud-Beijerland. Katika hati za mwanzo ni Willem Schalksz, yaani Willem mwana wa Schalk. Anayetafuta van der Merwe peke yake atampita mara nyingi bila kumuona. Mwaka 1668 alimwoa Elsje, binti wa Jacob Cloete, Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa wakulima huru wa kwanza. Na jina Schalk limeendelea kurithishwa katika ukoo huo hadi leo.

Majina ya Kifaransa yalipinda zaidi. Wahuguenoti wapatao 200 walikimbia mateso ya kidini Ufaransa, wengi wakafika kuanzia mwaka 1688, na kizazi cha pili tayari kilikuwa kikizungumza Kiholanzi. Villion akawa Viljoen, Cronier akawa Cronje, Le Clercq akawa de Klerk. Andika orodha ya kila tahajia inayowezekana kabla ya kufungua daftari, na uisome kwa sauti, kwa sababu karani aliandika alichosikia.

Ofisi ya Yatima na orodha za mali

Kama ningeruhusiwa kumpa mtafiti chanzo kimoja tu cha enzi ya Kampuni, ningempa hiki. Ofisi ya Yatima ya Rasi ililinda mali za watoto waliofiwa na wazazi na za watu waliokufa bila wosia. Orodha zake za mali zilizobaki ni za kuanzia mwaka 1673 hadi 1834. Zimo katika fungu MOOC 8 huko Cape Town, Roeland Street, na zimenakiliwa neno kwa neno na kuwekwa mtandaoni kupitia TANAP, mradi wa kimataifa wa nyaraka za VOC.

Fahamu sheria kwanza. Wenye ndoa walimiliki mali kwa pamoja, kwa hiyo mmoja alipokufa nusu ilibaki kwa mwenzake, na nusu nyingine waligawana watoto, wa kike sawa na wa kiume. Kwa sababu hiyo orodha hufunguliwa kwa jina la marehemu, kisha maneno "ten voordeele van", yaani kwa faida ya, na hapo wanafuata warithi wote. Mabinti walioolewa wanatajwa pamoja na waume zao. Watoto wadogo wanatajwa na umri. Mtoto aliyekufa akiacha wajukuu, wajukuu wanatajwa mahali pake. Watoto wa ndoa ya kwanza wanatenganishwa na wa ndoa ya pili, na katika jamii ambamo wajane walioa na kuolewa upesi, utengano huo huokoa miezi ya kazi. Hakuna daftari la ubatizo linalokupa familia nzima kwa mkupuo namna hii.

Baada ya warithi, maofisa waliingia nyumbani chumba kwa chumba: kitanda na mapazia yake, meza, sahani za kaure kutoka Asia, bunduki, Biblia, mapipa ya divai, majembe, magari, maksai. Soma hata sehemu ambazo hazina majina. Nyumba ya chumba kimoja yenye bunduki tatu na kondoo 400 ni ya mfugaji wa mpakani. Mapipa mengi na mashine ya kukamua zabibu vitakupeleka Drakenstein au Stellenbosch. Mwisho zipo hesabu za madeni, na wadai mara nyingi ni shemeji na majirani, kwa hiyo waandike. Fedha zimo kwa gilda na rixdola. Gilda ilikuwa stuiver 20 na rixdola ya Rasi stuiver 48. Ukikuta orodha ya mali, tafuta pia daftari la mnada katika MOOC 10. Jamaa walikuja kununua vitu vya marehemu, na aliyenunua Biblia hawi mgeni aghalabu.

Kwa kujaza mapengo kati ya ubatizo na kifo zipo orodha za kodi, opgaafrolle. Kila mwaka mwenye nyumba alitangaza mke, idadi ya watoto, watumwa, farasi, ng'ombe, kondoo, mizabibu na nafaka. Idadi ya watu unaweza kuiamini kiasi. Idadi ya mifugo ilitajwa kwa mtoza kodi, nawe ichukue hivyo. Zinafaa hasa kuonyesha mwaka ambao mtu alihama wilaya au mjane alianza kuandikwa mahali pa mumewe.

Watu walioorodheshwa pamoja na maksai

Katika orodha ileile ya mali kuna watu. Wametajwa kwa jina moja na mahali walikotoka, na mbele yao bei: van Bengale, van Madagascar, van Mosambiek, van de Kaap kwa aliyezaliwa Rasi. Kati ya 1652 na 1808 wanahistoria wanakadiria watumwa 63,000 waliingizwa Rasi, karibu robo kutoka bara la Afrika, robo Madagaska, robo India, na waliobaki visiwa vya Indonesia. Katika miongo ya mwisho ya Kampuni meli zake zilifika hadi pwani yetu, Zanzibar ikiwemo, kununua watu. Aliyeitwa van Mosambiek aliweza kuwa ametekwa mbali sana na mji uliompa jina, bara huko ndani.

Nasaba ya mlowezi bila watu hawa ni pungufu, na mara nyingi ni ya uongo. Wanawake wa Kizungu walikuwa wachache Rasi katika kizazi cha kwanza. Angela van Bengale aliuzwa kwa van Riebeeck, akapata uhuru wake mwaka 1666, akaolewa na Arnoldus Willemsz Basson mwaka 1669, na ukoo wa Basson ni wake. Krotoa, msichana wa Wakhoi, wenyeji wa Rasi, aliyelelewa nyumbani kwa van Riebeeck na kuwa mkalimani, aliolewa na Pieter van Meerhof mwaka 1664. Kupitia binti yao Pieternella aliyeolewa na Daniel Zaaijman, damu yake imeenea katika koo nyingi mno za Kikaburu. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya Makaburu 77, na wastani wa asili isiyo ya Ulaya ulikuwa asilimia 4.7.

Kwa hiyo, hatua yenyewe ni hii. Katika kila kizazi fuata mama kwa bidii ileile unayomfuata baba. Mama anayeitwa "van de Kaap" kwenye daftari la ubatizo mtafute katika hati za kuachwa huru, katika wosia wa bwana wake, na katika orodha ya mali aliyokulia. Kwa miaka ya 1816 hadi 1834 zipo daftari za serikali za watumwa, zenye jina la mama kwa watoto waliozaliwa humo. Uhuru ulitangazwa tarehe 1 Desemba 1834, ukafuatwa na miaka minne ya kazi ya kulazimishwa iliyoitwa uanagenzi.

Na kama wewe ni mzao wa waliotumikishwa, si wa waliotumikisha, fuata mwongozo huuhuu: nasaba ya mwenye shamba ndiyo njia ya kuzifikia karatasi zenye jina la bibi yako.

Kuvuka bahari: madaftari ya mishahara

Ukimpata mtu wa kwanza kufika, utahitaji meli yake. Vyumba sita vya VOC, yaani matawi yake ya Amsterdam, Zeeland, Delft, Rotterdam, Hoorn na Enkhuizen, vilifungua daftari la mishahara kwa kila meli iliyoondoka. Yaliyobaki, mengi ya kuanzia karibu 1700, yako Nationaal Archief, hifadhi ya taifa ya Uholanzi, mjini Den Haag, na faharasa yake ya mabaharia na askari inatafutika bure. Inaonyesha jina, mahali alikotoka, cheo, meli, tarehe ya kuanza, na jinsi utumishi wake ulivyokwisha.

Usiishie kwenye faharasa, fungua picha ya ukurasa wenyewe. Mtumishi aliweza kuandika hati ya kumruhusu mke au mzazi kuchukua hadi mishahara ya miezi mitatu kwa mwaka, na jina la mpokeaji likaingizwa upande wa madeni. Hapo unaweza kumkuta mama yake, akitajwa kwa jina, miaka arobaini kabla ya hati yoyote ya Rasi kumtaja.

Mahali alikotoka pachunguze. Mtu wa kijijini alitaja mji wa jirani, au alikolala mwisho, na karani akaandika Kiholanzi: Keulen ni Köln, Kleef ni Kleve, Aken ni Aachen, Rijssel ni Lille, Luik ni Liège. Walowezi wengi "wa Kiholanzi" walikuwa Wajerumani, wakiwemo waanzilishi wa koo za Kruger na Botha, na kuwatafuta Uholanzi ni kupoteza muda.

Kwa aliyekuwa Mholanzi kweli, daftari za kanisa za kabla ya 1811 huitwa kwa kifupi DTB: ubatizo, ndoa, mazishi. Tafuta kwa pamoja kwenye tovuti za WieWasWie na Open Archieven. Amsterdam inayo daftari ya matangazo ya ndoa kuanzia 1565 hadi 1811, nayo hutaja umri, mtaa na alikozaliwa mchumba. Zeeland ni pigo: moto wa Middelburg wa tarehe 17 Mei 1940 uliteketeza sehemu kubwa ya daftari zake, na huko itakubidi utumie hati za mahakama na za ardhi. Kumbuka pia kalenda. Holland na Zeeland zilitumia kalenda tunayoitumia sasa tangu mwaka 1583, ilhali Gelderland, Utrecht, Friesland na wenzao, pamoja na Wajerumani Waprotestanti, waliifuata mwaka 1700 na 1701. Tofauti ya siku kumi kati ya hati mbili haina maana kwamba ni watu wawili.

Vinasaba vinafaa kwa nini

Kipimo cha kromosomu Y hufuata baba kwa baba, na ndicho kinachojibu kama wawili wenye jina moja wana mwanzilishi mmoja. Kesi ya talaka ya Maria Kickers, ya miaka mia tatu iliyopita, ilihusu nani ni baba wa watoto wake walioitwa Botha. Watafiti walipopima wazao wa kiume waligundua kwamba Wabotha hawana baba mmoja. Kipimo cha upande wa mama hufika mbali vilevile, lakini kwa mstari mmoja mwembamba. Kipimo cha jumla, ambacho makampuni huuza zaidi, hutegemeka hadi kizazi cha tano au cha sita hivi. Kinamfaa sana mjukuu wa Kenya au Tanzania ambaye jina la babu Kaburu halikuandikwa popote: binamu wa Afrika Kusini wanaolingana naye wataelekeza kwenye familia, kisha karatasi za hapo juu zitachagua ndugu yupi alikuwa wapi mwaka gani. Kabla ya kuwaandikia binamu hao, fikiri nani nyumbani kwako bado yu hai na habari hiyo itamfikiaje.

Kupanga ulichokipata

Koo za Rasi zina mfumo wake wa namba, uliotokana na kazi ya Christoffel Coetzee de Villiers iliyochapishwa mwishoni mwa karne ya 19. Mwanzilishi ni a, watoto wake ni b1, b2, b3, wajukuu ni c, na kuendelea. Mtu mwenye namba b3c2d5 ni mtoto wa tano wa mtoto wa pili wa mtoto wa tatu wa mwanzilishi. Utumie, kwa sababu vitabu vya Taasisi ya Nasaba ya Afrika Kusini, iliyoko Stellenbosch, vimepangwa hivyo, na ukiandika barua yenye namba hiyo utaeleweka mara moja. Vitabu hivyo vina makosa, kwa hiyo kila mstari unaouchukua humo ulinganishe na daftari la ubatizo au orodha ya mali. Mfumo huu hufuata wanaume, na binti akiolewa namba inakoma. Mfungulie binti ukurasa wake na uupe rejea ya namba ya mumewe.

Watumwa waliotajwa katika orodha za mali wape daftari lao: jina, asili, mwaka, bwana, bei, watoto, na namba ya MOOC. Utashangaa jinsi jina lilelile linavyojitokeza tena miaka kumi baadaye katika nyumba ya mkwe, au katika daftari la waliobatizwa.

Unapoagiza nakala kutoka Cape Town au Pretoria, andika namba kamili kama ilivyo kwenye katalogi: hifadhi, chanzo, juzuu, rejea, mwaka. Omba jalada zima, usiombe taarifa ya kifo peke yake, kwa kuwa wosia, hesabu ya mgawanyo na barua za warithi hukaa nyuma yake, na barua hizo ndizo zinazotaja ndugu aliyehamia Eldoret na anwani yake.